Sahani ya Kitambaa Cheupe

Huko Roccalupa, kijiji kilichojibandika ubavuni mwa mlima wa Aspromonte, kusini mwa Italia, nyumba yenye msiba haioki wakati wa Krismasi. Haioki, haikaangi, haichemshi hata sukari. Mwanamke aliyefiwa anazima tanuri lake, anaacha mlango wazi, anaondoa kila kitu mezani, na majirani ndio wanaomletea vitamu, sahani moja moja, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe. Sahani za furaha, zile ambazo jirani humpelekea jirani mwenzake kwa raha zao, hufunikwa kitambaa cha rangi, na lazima zirudi kwa mwenyewe zimejaa. Za msiba hazidaiwi kitu. Hakuna aliyeyaandika haya popote, na hakuna anayeyakosea.

Fortunata aliyajua kuliko wengi. Mumewe Santo alipofariki, alipokea sahani nyeupe mpaka meza ikakosa nafasi. Alizipokea kwa adabu, akala, akalia, yakaisha. Kwa hiyo asubuhi ile ya kuamkia sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa, mwanzoni mwa Desemba, alipofungua mlango akamkuta jirani yake Melina amesimama ngazini na sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe, hakuhitaji kuelezwa.

"Hiyo ya nani?" akauliza hivyo hivyo.

"Shoga, usinitolee macho," Melina akasema. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye roho laini na machozi ya karibu. "Nimekuletea petrali kidogo. Nilijua mwaka huu hutaweza ku..."

"Mwaka huu kuna nini? Nani kafa hapa?"

Melina akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza wewe. Nani kafa humu ndani?"

"Fortunata, jamani. Tangu Oktoba..."

"Tangu Oktoba mwanangu hajarudi. Kutorudi ndiyo kufa? Baba yako alikwenda Ajentina akakaa miaka chungu nzima bila hata salamu. Mama yako alizima tanuri? Hakuzima! Alikuwa anaoka na kuimba juu."

"Baba alikwenda kwa meli, shoga. Demetrio alikwenda kuokota uyoga."

Hapo ndipo Fortunata alipogeuka mbogo. Aliichukua ile sahani mikononi mwa Melina, akaiweka chini kwenye ngazi ya kwanza, akaondoa kitambaa ili paka waone vizuri. Halafu akapandisha sauti, kwa kuwa madirisha yote ya mtaa yalikuwa yamekwisha kufunguka kiasi cha upana wa sikio.

"Sikieni wote! Atakayeleta sahani nyeupe kwangu, au kwa mke wa mwanangu, huyo ndiye atakuwa amemzika Demetrio! Na mimi nitamjua!"

Paka wakaja. Melina akaondoka analia.

Wanaosema Fortunata alikuwa na roho mbaya hawakumjua. Alikuwa na mtoto mmoja, basi. Demetrio alikuwa mtu mzima, fundi wa kupiga lipu, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi hata Jumapili, na msitu wa juu aliujua kama alivyojua jikoni kwa mama yake. Jumapili ile ya Oktoba aliondoka mapema na kikapu chake. Gari lake dogo walilikuta kando ya barabara ya msituni, milango imefungwa, koti lake limekunjwa vizuri kwenye kiti. Ukungu ulishuka siku hiyo hiyo na haukuondoka. Askari walipanda na mbwa, wanaume wa kijiji walipanda na filimbi na kamba, wakashuka kwenye makorongo, wakaita mpaka sauti zikakauka. Hawakuokota hata kifungo cha shati. Mwishoni mwa Novemba theluji ikaanguka, askari wakashuka na mbwa wao, na wakuu wao wakamwambia Fortunata kwamba watarudi theluji ikiyeyuka. Waliyasema hayo huku wamevua kofia. Yeye aliziona hizo kofia mikononi mwao, akajitia hamnazo.

Kila asubuhi alikuwa na lake jipya. Mara Demetrio ameanguka akagonga kichwa, yuko hospitali fulani upande wa pili wa mlima, hakumbuki jina lake. Mara wachungaji wamemhifadhi. Mara amechoshwa na lipu na maisha, amekimbilia Ujerumani kama wenzake, na ataandika akipata kazi. Hili la mwisho lilimuumiza, maana lilikuwa na maana kwamba mwanawe alimwacha bila kumuaga, lakini hata maumivu hayo aliyakumbatia. Mtoto asiye na shukrani ni mtoto aliye hai.

Aliyemtibua zaidi ni Nunzia, mkaza mwana wake. Theluji ilipoanguka tu, Nunzia alivaa nyeusi. Alipanda kwa mama mkwe wake na gauni jeusi, soksi nyeusi, na uso uliokaa kama wa mtu aliyesahau kulala.

"Vua hiyo nguo," Fortunata akamwambia kabla hata hajaketi.

"Mama, huko juu kuna theluji mpaka kiunoni. Hakuna mtu anayelala nje kwenye theluji akaamka."

"Nani kakuambia analala nje?"

"Yuko wapi basi? Niambie alipo, nimpelekee koti lake."

"Usimlilie mtu aliye hai! Unamwitia mauti kwa mdomo wako. Na ukitoka hapa na nyeusi hiyo, usirudi."

Nunzia hakuivua. Alitoka, akashuka ngazi za kijiji mpaka nyumbani kwake, chini kabisa, karibu na kinu cha mafuta ya zeituni, akazima tanuri. Tangu siku hiyo wanawake wawili waliompenda mtu mmoja hawakupeana hata salamu.

Baada ya mkasa wa sahani ya Melina, Fortunata akakata kauli. Ataoka. Si kidogo kidogo, ataoka kuliko mwaka wowote, na petrali zake zitapita kila mlango zimefunikwa kitambaa chekundu chenye maua, na kila mtu atalazimika kuzipokea na kumrudishia. Kijiji kizima kitakiri kwa mikono yake chenyewe kwamba nyumba ya Fortunata haina msiba.

Petrali si kitu cha kukurupuka. Ni vibiskuti vya umbo la nusu mwezi, na uhai wake uko ndani: tini kavu, lozi na jozi zilizokaangwa na kutwangwa, zabibu kavu, ganda la chungwa, mdalasini, karafuu, kahawa kali kidogo, na divai iliyochemshwa mpaka ikawa nzito kama asali. Vyote hivyo vinakandwa pamoja, vinatiwa kwenye chungu, vinafunikwa na kuachwa siku kadhaa viongee vyenyewe kwa vyenyewe. Tini za mwaka ule Demetrio ndiye aliyezianika. Agosti nzima alikuwa anapanda darini jioni akitoka kazini, anazigeuza moja moja juu ya matete, anashuka na vidole vinavyonata anavipangusa kwenye aproni ya mama yake, naye anapigwa kofi la mkono. Fortunata alipoufungua mfuko wa tini akakuta zimepangwa safu kwa safu na majani ya mlimau katikati. Alikaa akaziangalia kwa muda. Kisha akazikata zote. Mwenyewe akirudi ataanika nyingine, alijiambia, na kisu kikaenda.

Siku ya kuoka aliamka na baridi, akawasha kuni, akamwaga unga juu ya meza. Alitia mafuta ya nguruwe, sukari, mayai, akakanda kwa mikono miwili mpaka mabega yakauma. Miaka yote kazi hii ilikuwa ya watu watatu. Yeye alisukuma donge na kukata miduara kwa mdomo wa bilauri, Nunzia alijaza, Demetrio alikunja na kubana kingo kwa meno ya uma. Au tuseme ndiyo iliyokuwa kazi yake, maana nusu ya muda kidole chake kilikuwa ndani ya chungu cha tini.

"Mama, humu karafuu haijatosha," angesema.

"Umejuaje?"

"Nimenusa."

"Umenusa kwa ulimi?"

Nunzia alipokuja kama bibi harusi, Krismasi yake ya kwanza alijaza petrali kama mtu anayejaza mto wa kulalia. Tanurini zilipasuka, tini zikamwagika, zikaungua, jikoni pakanuka. Fortunata alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kumtolea uvivu yule binti. Demetrio akawahi, akazikusanya zote zilizopasuka kwenye sahani yake, akazikumbatia. "Hizi ni zangu. Mke wangu kanipenda mpaka unga umeshindwa kuvumilia." Walicheka mpaka Fortunata akalazimika kukaa. Na tangu mwaka ule, kila Krismasi, Nunzia alizijaza kupita kiasi petrali chache, kwa makusudi, na Fortunata aliona, na hakusema kitu.

Mwaka huu alizijaza mwenyewe, kijiko kwa kijiko, zikatoka tanurini zote nzima. Hakuna hata moja iliyopasuka. Trei baada ya trei, zimepakwa kiini cha yai zikang'aa, zimenyunyiziwa chembe za sukari za rangi. Hakuwahi kuoka vizuri namna ile maishani mwake. Alizitazama petrali zile zisizo na kasoro, akashika ukingo wa meza. Mkono wake ulitaka kuchukua kijiko na kuzijaza mbili tatu kupita kiasi, kwa ajili ya Demetrio. Lakini zingepasuka halafu angezila nani? Akakaa kwenye kigoda, akakaa tu, mpaka trei ya mwisho ikaanza kunuka moshi.

Alizigawa siku mbili mfululizo. Alivaa gauni lake la kahawia, akajifunga kilemba cha rangi, akapita nyumba kwa nyumba na sahani za kitambaa chekundu. Hakuna aliyethubutu kukataa. Walizipokea kwa shingo upande, wakasema, "Bikira akubariki," wakatazama pembeni. Na kwa kuwa sahani ya rangi hairudi tupu, walianza kumrudishia. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa juu alimrudishia vitumbua vya divai vilivyochovywa asali. Dada yake padre alirudisha kashata za lozi. Ilipokaribia Krismasi meza ya Fortunata ilikuwa imejaa vitambaa vya kila rangi, na yeye alisimama mbele yake, mikono kiunoni. Alikuwa ameshinda. Alimwambia hivyo hata Santo, aliyekuwa ukutani kwenye fremu: "Umeona? Nani kasema kuna msiba hapa?"

Siku moja kabla ya mkesha, mchana, Melina akagonga. Alikuwa na sahani ya Fortunata mkononi, imejaa, kitambaa cha kijani juu yake.

"Ingia basi, utaganda," Fortunata akasema. Alikuwa na hamu ya mtu wa kuongea naye, ingawa asingekiri.

"Siingii. Chukua sahani yako. Nimetoka kwa Nunzia."

"Mzima?"

"Unaniuliza mimi? Wewe si ndiye mama yake hapa?"

"Melina, kama umekuja kunisema..."

"Nimekuja kukusema, ndiyo. Leo unanisikiliza. Mlango wake uko wazi, na baridi hii. Katoa kila kitu mezani, kapangusa, kakaa kwenye kiti, mikono mapajani. Anangoja sahani. Tangu juzi anangoja, Fortunata. Hakuna hata mmoja aliyeingia."

"Kwa nini hawaendi?"

Melina akacheka, kicheko kisicho na furaha hata kidogo. "Eti kwa nini! Wewe si ulisimama hapa ukapiga kelele? Atakayempelekea sahani nyeupe ndiye aliyemzika Demetrio. Nani anataka kulibeba hilo kichwani? Mimi leo nilikuwa nayo mkononi, nimeioka kwa ajili yake. Nimefika kwenye chemchemi miguu ikakataa. Nikaenda mikono mitupu, nikasimama mlangoni kama mwizi, nikamwambia habari za mchana. Akatazama mikono yangu kwanza, Fortunata. Kabla hajaitikia, alitazama mikono."

"Basi si aoke mwenyewe."

"Mjane aoke?"

"Nunzia si mjane."

"Ni nani basi? Mwambie, maana mwenzio hajui. Mke si mke, mume hayupo. Mjane si mjane, umekataza. Mama yake yuko makaburini, dada hana. Mtaa mzima umekula petrali zako mwaka huu, hata paka wamekula zangu. Yeye tu ndiye hajala."

Aliuweka ule mzigo wake juu ya kizingiti na kuondoka, safari hii macho makavu.

Fortunata akabaki amesimama mlango wazi. Kumwadhibu Nunzia alikuwa amekusudia, kidogo, kwa ile nyeusi yake. Lakini hakukusudia hili. Kwa Roccalupa, mfiwa asiyeletewa sahani hata moja ni mtu ambaye kijiji kimemtupa. Aliwahi kuona nyumba moja tu ya namna hiyo, utotoni, na ilikuwa ya mtu aliyemuua ndugu yake.

Alichagua petrali nzuri kuliko zote, akazipanga kwenye sahani kubwa ya harusi yake, akafunika na kitambaa chekundu. Chekundu, maana nyeupe haikumpita hata akilini, au ilimpita akaifukuza. Akashuka ngazi za kijiji. Theluji haikuwa imefika chini, lakini upepo ulikuwa na meno.

Mlango wa Nunzia ulikuwa wazi kweli. Ndani mlikuwa na baridi kama nje. Meza ilikuwa tupu, imesuguliwa mpaka mbao zimepauka, na Nunzia alikuwa amekaa nyuma yake na shali nyeusi mabegani. Alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa ameifunga uzi isidondoke.

"Mama," akasema, akasimama.

"Nimekuletea. Zimetoka vizuri sana mwaka huu. Wewe kula, mengine tutaongea baadaye."

Nunzia akanyoosha mikono. Halafu akakiona kitambaa. Mikono ikarudi taratibu.

"Siwezi kuipokea hii, Mama."

"Kwa nini huwezi? Hujala, nimeambiwa."

"Sijala. Lakini hii ni ya furaha. Nikiipokea, lazima niirudishe imejaa. Nitaijaza nini? Tanuri langu limezimwa."

"Nani kakuambia uirudishe? Mimi sitaki kitu."

"Sahani nyekundu irudi tupu kutoka nyumba hii? Watu wanicheke juu ya haya mengine?"

"Nunzia, acha ukaidi. Ni chakula."

"Siyo chakula, Mama, na wewe unajua siyo chakula." Sauti yake haikupanda. Laiti angepiga kelele, Fortunata angejua la kumjibu. "Sikuja kwako kubishana tena. Labda wewe ndiye uliye sahihi. Kila mlango ukilia kwa upepo nasimama, naenda kuangalia. Kila siku. Nimechoka kwenda kuangalia. Nataka kumlilia mume wangu, halafu nikianza kulia, nakukumbuka wewe, naona kama naiba."

"Unaiba nini?"

"Tumaini lako. Nikilia nakuibia. Basi nanyamaza."

Fortunata alisimama na sahani yake iliyojaa mbele ya ile meza tupu, na hakupata mahali pa kuiweka. Mwishowe akageuka, akapanda nayo ngazi zote alizoshuka. Nyuma ya vioo vya madirisha wanawake walimwona anarudi na mzigo wake, na hakuna aliyetoka.

Nyumbani aliweka sahani juu ya meza, katikati ya zile zote alizoshinda. Akafungua droo ya kabati. Vitambaa vyeupe vilikuwa chini, vimekunjwa. Alikuwa amevibeba kwenda nyumba nyingi, kwa wazee, kwa vichanga, kwa kijana mmoja aliyekufa kwa pikipiki. Alichukua kimoja akakishika, na mwili mzima ukakataa.

"Nikifunika kwa hiki," akamwambia mwanawe kwa sauti, "nani atabaki kukungoja? Tumebaki wawili. Mkeo kachoka. Nikikuacha na mimi, utakuwa umeachwa na watu wote."

Ndipo likaja lile ambalo alikuwa akilifukuza tangu Oktoba, likaja bila haraka, kama mwenye nyumba. Lile koti. Demetrio alikuwa mtu wa kusikia baridi tangu kuzaliwa. Alikuwa akioka miguu mbele ya tanuri hata mwezi Mei, joto likiwa limekwisha kuanza. Asingekaa usiku mmoja mahali popote duniani, si kwa wachungaji, si Ujerumani, bila kurudi kuchukua koti lake. Askari alipomwonyesha koti limekunjwa juu ya kiti, mama yake alijua. Alijua pale pale, kabla ya mbwa, kabla ya filimbi. Siku zote hizi hakuwa akingoja. Alikuwa amesimama mlangoni ameuziba kwa mwili wake ili neno hilo lisiingie, na aliyefungiwa nje kwenye baridi alikuwa Nunzia.

Akaondoa kitambaa chekundu. Akatandaza cheupe, akakinyoosha pembe nne kwa kiganja, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Akafungua kilemba chake cha rangi, akakiacha kitini. Akapiga moyo konde, akatoka.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mapaa. Alipita katikati ya barabara, si pembeni, kwa kuwa sahani ya msiba haifichwi. Mwanamke wa kwanza aliyemwona alikuwa anakung'uta zulia dirishani, akaliachia likaanguka barabarani. Milango ikaanza kufunguka. Wanawake walitoka kwenye ngazi zao na mikono yenye unga, wakafanya ishara ya msalaba. Mbele ya baa, wanaume waliokuwa wanacheza karata walisimama, mmoja mmoja, wakavua kofia, na hao ndio waliokuwa wameshuka makorongoni na kamba. Safari hii Fortunata aliziangalia kofia zile. Alimwangalia kila mmoja usoni na kumpa heshima yake kwa kichwa. Kule mlimani hakukuwa na jeneza la kubeba wala kaburi la kuchimba. Maziko aliyoyapata Demetrio ni hayo, mama yake akitembea peke yake na sahani mikononi, na mtaa mzima umesimama.

Melina alikuwa kwenye chemchemi na ndoo. Alipomwona alitaka kumkimbilia amshike mkono. Fortunata akatikisa kichwa. Sahani ya namna ile hubebwa na mtu mmoja.

Kwa Nunzia mlango ulikuwa wazi vile vile. Fortunata hakubisha hodi. Aliingia, akaenda mpaka mezani, akaiweka sahani katikati ya mbao zile zilizopauka. Ilitoa mlio mdogo. Nunzia alikuwa amesimama, mkono mdomoni, anatazama kitambaa.

"Mwanangu," Fortunata akasema. Akaanza tena. "Mwanangu, Demetrio amekufa. Nimekuja kukupa pole."

Nunzia akaangua kilio. Kilikuwa kilio cha siku nyingi, kikubwa, cha mtu aliyekuwa amekizuia kwa meno, na kilisikika mpaka kwenye kinu. Fortunata alimshika mabega asianguke, akamkalisha, akamfunika shali vizuri. Yeye mwenyewe hakulia. Alisimama pembeni kwa adabu, kama wanavyosimama majirani wanaoleta sahani, wanaokaa kidogo kisha wanarudi nyumbani kwao kuliko na moto. Aliona kazi yake imekwisha. Akavuta mtandio wake mabegani, akageukia mlango.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nikuache upumzike."

Nunzia akapangusa uso kwa shali. Akavuta kiti cha pili, kile cha Demetrio, akakiweka karibu na chake. Akafunua kitambaa cheupe, akachukua petrali moja, akaishika mbele ya yule aliyeioka.

"Keti, Mama," akasema. "Kula. Na wewe umefiwa."

Fortunata akaketi, akaipokea kwa mikono miwili, akala.